Mume wangu anataka tujaze kura pamoja mezani, nami maswali sijayaelewa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Voi, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu niingie Massachusetts. Mwezi wa tano nilikula kiapo cha uraia, kwa hiyo tarehe 5 Novemba itakuwa kura yangu ya kwanza hapa. Karatasi imeletwa na posta wiki iliyopita. Nilipoifungua nilidhani nitakuta majina tu. Rais na wenzake nimewamaliza kwa dakika mbili, halafu nikaona maswali.

Shangazi, ni maandishi matupu! Maswali matano ya jimbo ya kujibu ndiyo au hapana, na la sita la mji wetu (tuko mji mdogo jirani na Lowell), la kuomba ruhusa ya mkopo wa kujenga shule. Kila moja lina maelezo kama mkataba wa benki. La kwanza nimelisoma mara tatu baada ya zamu ya usiku kule nyumba ya wazee, nikapitiwa na usingizi karatasi ikiwa mkononi.

Mume wangu anaendesha Uber, sanasana uwanja wa ndege wa Logan. Yeye ameshaamua yote sita. Anasema Jumapili tukae mezani, "mimi nasoma, wewe unatia wino." La tatu anataka ndiyo kwa sababu ni la madereva. La shule anataka hapana, maana tulinunua nyumba miaka mitatu iliyopita na ushuru wake umepanda kila mwaka. Mimi kwa shule moyo wangu uko ndiyo. Kitindamimba wetu yuko darasa la pili, na wanasomea nje uwanjani kwenye chumba cha muda, kama kontena. Mvua ikinyesha mwalimu anasimamisha somo kwa kelele za bati.

Kisha kuna kundi letu la WhatsApp la kanisa. Mtu ametuma orodha: ndiyo, ndiyo, hapana, hapana, hivyo hivyo mpaka mwisho, bila neno la kueleza, na chini ameandika "wape Wakenya wote." Kijana wangu mkubwa yuko darasa la kumi, hesabu zinamsumbua, na ameambiwa shuleni kwamba ndiyo ikishinda swali la pili mtihani wa MCAS unafutwa. Ananibembeleza kila jioni. Wifi yangu ni mhudumu wa mkahawa, anataka la tano, la mshahara wa wahudumu, nipige hapana, la sivyo kazi itaota mbawa. Rafiki yangu aliye pia mhudumu ananiambia nipige ndiyo ili naye aonje mshahara.

Nikwambie ukweli. Mwaka 2005 kule nyumbani Kenya, kwenye kura ya maoni ya katiba, nilipiga chungwa, yaani hapana, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa chungwa. Katiba yenyewe sikuifungua hata ukurasa mmoja. Sikutaka hii ya hapa iwe vile tena, na sasa naona naelekea kulekule.

Je, nikiacha maswali wazi kura yangu itaharibika? Nitamjuaje wa kumwamini? Na nikipiga tofauti na mume wangu, nitakuwa nimemsaliti?

Mama Watatu
Oktoba 2024

---

Marahaba mwanangu, na hongera ya kiapo.

Nianze na lililo jepesi. Swali ukiliacha wazi, kura yako ya rais na ya majina mengine inahesabiwa kama kawaida. Hakuna anayeitupa karatasi kwa sababu kisanduku kimoja ni kitupu. Ila wengi hapa hawajui jambo hili: sheria iliyoletwa kwa saini za wananchi, ili ipite, yahitaji ndiyo zizidi hapana, na tena hizo ndiyo zifike angalau asilimia 30 ya karatasi zote zilizopigwa katika uchaguzi huo. Kwa hiyo nafasi uliyoiacha nayo ina uzito wake mdogo. Mimi mwenyewe la nne, lile la kuruhusu uyoga na vitu vingine vinavyobadili fahamu, huenda nikaliacha. Nimesoma ya huku nimesoma ya kule, na bado sijashiba. Sitaandika jibu kwa kuionea haya nafasi tupu.

Na hilo chungwa, usijilaumu kupita kiasi. Mwaka 2005 tulipewa katiba nzima ndani ya swali moja. Ardhi, mahakama za kadhi, madaraka ya rais, vyote vilitiwa kwenye ndizi moja ya ndiyo au chungwa moja la hapana. Mtu alikuwa na la kumpendeza na la kumchukiza mle mle, na hakuna njia ya kuyatenganisha, basi ikabaki kuuliza: kwetu wanapiga nini? Hata 2010, tulipoambiwa kijani na nyekundu, kitabu kilikuwa kimoja vilevile. Hapa umeletewa maswali madogo, kila moja na mipaka yake, na una ruhusa ya kusema ndiyo kwa hili na hapana kwa jirani yake. Ile orodha ya WhatsApp inakufungia yote ndani ya ganda moja. Inakurudishia chungwa. Mumeo naye, kwa mapenzi yake yote, anafanya lilelile.

Kijitabu chekundu umekipata? Katibu wa jimbo hukituma kila nyumba kabla ya uchaguzi, na kwetu mara nyingi kinaishia kwenye pipa pamoja na vipeperushi vya pizza. Kama umekitupa, kimo mtandaoni, au muulize karani wa mji. Usikisome kuanzia mwanzo! Sheria zenyewe zimechapwa humo neno kwa neno, na ukianzia hapo utasinzia tena. Kwa kila swali tafuta mistari miwili tu, kura ya ndiyo itafanya nini na kura ya hapana itafanya nini. Ukishaielewa hiyo, soma hoja za wanaounga mkono na za wanaopinga. Kila upande umepewa maneno 150 na si zaidi, na jina la aliyeandika liko chini yake. Yote matano ni nusu saa na chai ya maziwa.

Hiyo mistari miwili usiiruke hata ukiona umeshaelewa. Mwaka 2022 kulikuwa na swali la leseni za udereva kwa wahamiaji wasio na karatasi. Bunge la jimbo lilikuwa limeshapitisha sheria ya kuwapa, likaishinda na kura ya turufu ya gavana wa wakati ule, Charlie Baker. Waliopinga wakakusanya saini ili sheria ile iletwe kwa wananchi. Sasa kuna mama mmoja tunayejuana, ana mpwa wake aliyekuwa akibebwa na watu kwenda kazini kila alfajiri. Akaniambia, "Dada, mimi napiga hapana, maana hili swali limeletwa na hao wasiotaka watoto wetu waendeshe." Nikamwambia hebu soma tena. Kumbe ndiyo ilikuwa kuibakiza sheria na hapana ilikuwa kuiondoa! Angemnyima mpwa wake leseni kwa mkono wake mwenyewe, huku akidhani anampigania. Ndiyo ilishinda, na sheria ikaanza tarehe 1 Julai 2023. Tangu siku ile simuulizi mtu swali limeletwa na nani kabla sijajua ndiyo inafanya nini.

Haya, tuje kwa watu wa nyumbani kwako.

Kijana ameambiwa nusu. MCAS haifutwi, na ndiyo ikishinda wanafunzi wataendelea kuufanya. Kinachoulizwa ni kama kufaulu Kiingereza, hesabu na sayansi katika mtihani huo kuendelee kuwa sharti la kupata cheti cha sekondari, kama ilivyokuwa tangu wahitimu wa 2003 (sayansi iliongezwa baadaye). Sharti likiondoka, wilaya ya shule ndiyo itakayothibitisha kwamba mtoto amemaliza masomo yake kwa viwango vya jimbo. Chama cha walimu cha Massachusetts kiko upande wa ndiyo. Gavana Maura Healey yuko upande wa hapana, na wenzake wa upande huo wanahofu kila wilaya itajikatia kipimo chake. Mwanao ana haki ya kukubembeleza. Lakini unapolipigia kura swali hili unawapigia na watoto wa miji ambayo hujawahi kukanyaga, na hesabu zake zitamsubiri palepale, mtihani uwe sharti au usiwe.

Wifi na rafiki yako wote wanasema kweli, kila mmoja kweli ya mahali anaposimama. Kwa sasa mwajiri aweza kumlipa mhudumu dola 6.75 kwa saa, mradi ukijumlisha bakshishi afike kima cha chini cha dola 15. Isipofika, mwajiri anajazia. Ndiyo ingepandisha ule mshahara hatua kwa hatua mpaka 2029 ulingane na kima kamili, na bakshishi ibaki juu yake. Mwajiri akishalipa kima kamili ataruhusiwa kuigawa bakshishi hata kwa wa jikoni. Mpigie simu kila mmoja umuulize Jumanne iliyopita alirudi na shilingi ngapi mfukoni. (Nasema shilingi kwa mazoea, nawe umenielewa.) Anayehudumia meza za Ijumaa usiku, watu wakinywa na kucheka, hataki kusikia habari ya kugawana na mpishi. Anayemimina kahawa Jumanne asubuhi kwa wazee wanne anatamani mshahara wa uhakika. Wenye mikahawa nao wanasema bei zitapanda na zamu zitapungua. Ukiwasikia wote watatu, swali hilo utalijua kuliko waandishi wa vipeperushi.

La kwanza halihitaji usingizi wako. Linauliza kama mkaguzi wa hesabu wa jimbo aruhusiwe kulikagua Bunge. Mkaguzi mwenyewe, Diana DiZoglio, ndiye anayelipigia debe, na viongozi wa Bunge wanajibu kwamba mhimili mmoja hauwezi kuingia jikoni mwa mwingine. Utaamua kabla maji ya chai hayajachemka.

La tatu, mwanangu, msikilize mumeo kwa makini, maana kazi ni yake. Ila naye umuulize kama ameisoma mistari miwili. Ndiyo haimgeuzi kuwa mwajiriwa. Atabaki dereva anayejitegemea, ila yeye na wenzake watakuwa na haki ya kuunda chama na kujadiliana na kampuni. Mwezi wa sita mwaka huu kesi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo dhidi ya Uber na Lyft iliisha kwa makubaliano, na madereva wakapata kiwango cha chini cha dola 32.50 kwa saa. Kiwango hicho kinahesabiwa kuanzia anapopokea safari hadi anapomshusha abiria. Zile saa anazokaa kwenye maegesho ya Logan, kiti kimelazwa nyuma, simu kifuani akingoja zamu, hazimo. Huenda ndicho anachotaka chama kikazungumze. Wanaopinga wanataja nauli kupanda, na pia kwamba saini za asilimia 25 tu ya madereva wanaohesabiwa kuwa bado kazini zaweza kukipa chama mamlaka ya kuwasemea wote. Mwache akueleze yeye, nawe uulize maswali ya mtu asiyejua. Utashangaa atakavyofurahi kuulizwa.

Umeniuliza wa kumwamini. Tangazo likija kwenye televisheni, usiiangalie sura ya yule bibi mwenye machozi. Angalia herufi ndogo za mwisho. Sheria ya hapa inawalazimisha wenye matangazo ya maswali ya kura kuwataja wachangiaji wao watano wakubwa. Hayo majina matano yatakwambia mengi kuliko machozi.

Sasa shule, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili halimo kwenye kijitabu chekundu. Kile kinaeleza maswali ya jimbo zima tu. La mji wako utalitafuta mwenyewe.

Mwaka 1980 wananchi wa jimbo hili, kwa kura ya maoni kama hii, waliufunga mji kamba: jumla ya ushuru wa mali unaokusanywa isizidi ya mwaka uliopita kwa zaidi ya asilimia 2.5, ukiacha majengo mapya. Ni jumla ya mji, si ya nyumba yako. Nyumba yako ikipanda thamani kuliko za majirani, bili yako yapanda zaidi ya hapo, na huenda ndiyo inayomkera mumeo. Ikiwa mji unataka kuvuka kamba, lazima uje kuomba kwenu. Na kuna maombi ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kuilegeza kamba moja kwa moja, na ushuru hauteremki tena. Nyingine ni kulitoa deni la jengo fulani nje ya kamba mpaka deni liishe. Lenu, kwa ulivyoniandikia, ni la mkopo wa jengo, basi linaonekana kuwa la aina ya pili. Lina mwisho, ingawa mikopo ya shule huenda miaka ishirini, thelathini. Huyo wako wa darasa la pili atakuwa na watoto wake.

Utaona swali lenyewe halitaji fedha. Si kwamba karani amesahau. Maswali ya aina hii huandikwa bila kiasi. Kiasi utakipata kwa mji: uliza ofisi ya wathamini, au angalia tovuti ya mji, waseme ushuru utaongezeka kwa kiwango gani kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Halafu toa bili yako, tazama nyumba yenu imethaminiwa kiasi gani. Tuseme ni dola 480,000, na nyongeza ni senti 90 kwa kila elfu. Unazidisha 480 kwa senti 90, unapata dola 432 kwa mwaka, yaani 36 kwa mwezi. Hizo ni tarakimu zangu za mfano, weka zako. Ukimwekea mumeo tarakimu halisi mezani, mtakuwa mnazungumzia dola 36 au 80 au 150, si "ushuru" kama jinamizi. Huenda akaona ni bei ya matairi. Huenda nawe ukaona ni nyingi kuliko ulivyodhani, na hilo pia ulipokee.

Uliza na la pili: hapana ikishinda, kunatokea nini? Jengo bovu halijitengenezi, na matengenezo yana bili yake. Kama mradi umeahidiwa ruzuku na mamlaka ya jimbo ya ujenzi wa shule, MSBA, mji hupewa siku 120 kuidhinisha sehemu yake, na ukishindwa waweza kupoteza nafasi uliyoipata kwenye foleni. Au labda kuna mpango mdogo, wa bei nafuu, na wanaopinga wana haki ya kuudai. Hudhuria kikao kimoja, au tazama kimoja kilichorekodiwa ukiwa unapiga pasi.

Nimebaki na mumeo.

Kura ni siri ya mtu mmoja mmoja, na kupiga tofauti na mwenzio si usaliti. Usaliti ungekuwa kumwitikia "sawa baba" Jumapili, kisha ukatia wino kinyume huku umeficha karatasi kwa kiwiko. Usifanye hivyo, kitakuuma wewe kuliko yeye. Kaeni hiyo Jumapili. Meza ni nzuri, chai ni nzuri, kusomeana ni kuzuri. Nisichokipenda ni "mimi nasoma, wewe unatia wino." Kila mtu awe na karatasi yake na kalamu yake. Mwambie: la madereva nimekusikiliza kwa kuwa wewe ndiye unayelala Logan, na la shule unisikilize mimi kwa kuwa mimi ndiye ninayempeleka mtoto kwenye kontena. Baada ya hapo kila mmoja ajaze yake. Atasema kura zenu za shule zitafutana. Na zifutane! Kuna nyingine tano zilizobaki.

Akikasirika sana, basi usijaze chochote siku hiyo. Kupokea karatasi ya posta hakukufungi. Maadamu hujairudisha, waweza kwenda kupiga mwenyewe kituoni, kura za mapema mpaka tarehe 1 Novemba au siku yenyewe tarehe 5, na kibandani mtaingia wewe na kalamu tu.

Mkimaliza salama mezani, bahasha zipelekwe kwenye kisanduku cha mji kabla ya saa mbili usiku tarehe 5, au posta, zikiwa na muhuri wa siku hiyo au kabla, na zifike kufikia tarehe 8. Kabla ya kuzifunga, soma jina lililochapwa nje. Nyumba zenye wapiga kura wawili hukosea hapo: mke anatia saini bahasha ya mume, mume ya mke, na karani aweza kuzikataa zote mbili.